Ona chumba kwanza, hela baadaye: mwongozo wa kulala gesti Dar

Mi kila baada ya mwezi na nusu hivi nateremka Dar kufuata mzigo Kariakoo, viatu vya watoto na mabegi ya shule, napandisha Makambako. Mwaka wa sita huu. Ndugu ninao, shangazi yuko Mbagala Rangi Tatu, ila kwa ndugu huendi mikono mitupu, utalala sebuleni baada ya wote kumaliza tamthilia, na asubuhi kuaga tu ni saa nzima huku wenzio washachagua mzigo mzuri. Kwahiyo nalala gesti. Nimelala za elfu kumi na tano choo cha nje, nimelala za elfu arobaini zenye AC, na nikikaa nikahesabu usiku mbaya wote niliowahi kupata, karibu wote nililipa kwanza afu ndo nikapanda kuangalia chumba. Hela ikishaingia droo ya kaunta bana, kuitoa ni kazi.

Hapa naongelea gesti na lodji za kawaida, za mtu aliyekuja kwa shughuli: mzigo, usaili, kumleta mgonjwa, kusubiri boti au ndege. Hoteli za Masaki sizijui, wanaozijua watawaambia.

Hatua ya 1: Chagua mtaa kwa shughuli yako, bei ije baadaye

Kosa la kwanza la wageni ni kufuata gesti ya bei rahisi popote ilipo. Unaokoa elfu tano ya chumba unaitoa elfu nane kwa bodaboda, tena unachelewa.

Kama umekuja Kariakoo lala Kariakoo hapohapo, mitaa ya Msimbazi, Livingstone, Swahili, Sikukuu kote huko gesti zimejaa juu ya maduka. Kelele zipo, alfajiri tu unasikia maguta na wabeba mizigo wanagombana, saa 3 matangazo ya spika yashaanza "elfu tano, elfu tano, kwa elfu tano", ila faida yake unanunua kidogo unapeleka chumbani, unarudi tena sokoni mikono mitupu. Uliza tu kama chumba kiko ghorofa ya ngapi na kama wana sehemu ya chini ya kuweka mzigo, maana kupandisha viroba ghorofa ya nne kwa ngazi utamlipa kijana kila safari.

Ukiwa na mgonjwa Muhimbili, hospitali yenyewe iko Upanga, na Upanga gesti za bei yetu hazipatikani kirahisi. Wengi wanalala Kariakoo au Magomeni. Hapa sikiliza kitu ambacho mtu wa mkoani haambiwi: kati ya Magomeni na mjini kuna bonde la Jangwani, na mvua kubwa ikinyesha maji yanajaa barabarani mpaka Barabara ya Morogoro inafungwa pale. Kwahiyo kipindi cha masika, Machi mpaka Mei, usilale upande wa Magomeni kama mgonjwa wako anakusubiri na uji asubuhi, lala upande wa Kariakoo. Mi nilishamuona mama mmoja kasimama na chupa ya chai mkononi ng'ambo ya maji, anapiga simu wodini, inatia huruma.

Boti ya Zanzibar na treni ya SGR zote ziko mjini, kwahiyo Kariakoo, Gerezani, Mnazi Mmoja, popote hapo sawa. Ndege ya alfajiri, tafuta Kipawa au upande wa Tazara, ukae Barabara ya Nyerere moja kwa moja.

Basi la mkoani ndo wengi wanachanganya. Bado kuna watu wanamwambia mgeni "lala Ubungo uwahi basi", wakati stendi kuu ya mabasi ya mikoani tangu 2021 iko Mbezi Luis, ile ya Magufuli. Afu tena kampuni nyingine zinapakia kwenye ofisi zao huku Shekilango na Urafiki kabla ya kwenda Mbezi. Uliza kwenye tiketi unapandia wapi, ndo uchague pa kulala.

Sinza, Mwenge, Makumbusho, Kijitonyama: lodji nyingi, vyumba visafi, bei zinaongeleka. Shida ya Sinza ni baa. Ijumaa na Jumamosi muziki unakesha, na hata ukifunga dirisha besi inakuja kwa chini kupitia kitanda. Kama una usaili Jumatatu sawa, ila kama unataka kulala wikiendi nenda kwingine.

Na angalia umbali wa kituo cha mabasi ya mwendokasi. Njia ya kwanza, hii ya Kimara iliyoanza 2016, inapita Ubungo, Manzese, Magomeni mpaka Kivukoni na Gerezani, kwahiyo gesti ya kawaida ya Manzese unayotembea dakika tano mpaka kituoni ina maana kuliko gesti ya vigae na maua iliyojificha ndanindani huko ambako kila ukitoka ni boda. Ila asubuhi mwendokasi inajaa hasa, ukiwa na begi kubwa usijaribu.

Hatua ya 2: Piga simu, na uliza habari ya saa

Picha za mtandaoni ziangalie ila usiziamini sana. Chumba kilichopigwa picha ni kimoja, tena siku godoro lilipokuwa jipya. Piga simu. Maswali yangu mimi ni haya: selfu (chumba chenye choo na bafu ndani) ya feni bei gani na ya AC bei gani, maji yapo sasa hivi yanatoka bombani au ya ndoo, kuna chumba kisichoangalia barabara, na mwisho wa kutoka saa ngapi.

Hilo la mwisho lina mtego wake. Gesti nyingi unatakiwa utoke saa 4 asubuhi. Sasa tangu 2023 mabasi yameruhusiwa kutembea usiku, watu wengi tunaingia Dar saa 8, saa 9 za usiku, saa 10 alfajiri. Ukifika saa 9 usiku ukalipia chumba, kwa vitabu vya gesti we ni mgeni wa jana, yani umelala masaa saba tu wanakugongea, "dada, saa ya kutoka imefika, unaongeza siku?" Hapo unalipa mara mbili na hujaoga hata mara mbili. Mi siku hizi naongea kabisa kwenye simu kabla sijapanda basi:

"Dada habari za kazi. Naingia kesho alfajiri saa 10. Nikilipa siku moja, natoka lini?"

"Unatoka kesho hiyohiyo saa 4 dada."

"Hapana mdogo wangu, nihesabie mpaka keshokutwa saa 4. Nitakaa siku moja kamili, sio ya kupita."

"Ngoja nimuulize bosi."

Na mara nyingi bosi anakubali, hasa katikati ya wiki vyumba vikiwa havijajaa. Akikataa basi kaa stendi mpaka kuche, Mbezi kuna taa na watu, kunywa chai, ingia mjini saa 1 ukachukue chumba kwa amani. Na wale mnaobuku kwenye programu za simu, hesabuni tarehe vizuri: ukifika saa 8 usiku wa kuamkia Jumanne, usiku unaoubuku ni wa Jumatatu. Kuna kaka kwenye basi alibuku Jumanne akafika Jumanne saa 8 usiku, akaambiwa chumba chake ni cha kuanzia mchana.

Hela usitume yote kabla. Kama ni sehemu unayoijua tuma kidogo ya kushikilia, na angalia jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri. Kama jina halieleweki uliza kaunta ni la nani.

Hatua ya 3: Stendi usipokelewe na mtu

Fupi tu hii. Yule anayekuja na "sista gesti nzuri ipo hapa karibu" anapewa kamisheni, na kamisheni hiyo unailipa wewe ndani ya bei ya chumba. Msalimie, mshukuru, endelea na safari yako kama unayeenda kwa mjomba.

Hatua ya 4: Kagua chumba, dakika tano, begi likiwa bado begani

Hapa ndo penyewe. Ukifika kaunta sema hivi, "naomba kwanza nione chumba." Gesti yoyote nzuri watakupa ufunguo au watakupeleka. Wakikwambia lipia kwanza afu utakiona, geuka. Na begi usiliweke kitandani, bado hatujui kitanda kina wenyeji gani.

Anza na pua. Ukifungua mlango simama sekunde kadhaa. Harufu ya unyevu maana yake ukuta unavuja au kuna choo kinachorudisha. Harufu kali ya dawa ya kupuliza nayo siipendi, mara nyingi inafunika kitu.

Feni. Iwashe mpaka namba ya mwisho, afu ukae chini yake. Dar kuanzia Desemba mpaka Machi joto lake sio la kuhadithiwa, shuka linaloana kabla hujapata usingizi, na feni inayozunguka kama inaombwa haikusaidii. Sikiliza na mlio, ile ya "kwi kwi kwi" sasa hivi unaichekea, saa 8 usiku utaitukana. Kama umelipia AC iwashe na iache ikiwaka muda wote unakagua vingine, ukimaliza uone kama inatoa ubaridi au inapuliza tu.

Chomeka chaja kwenye kila soketi. Afu uliza umeme ukikatika wana jenereta, na Luku (umeme wa kulipia kabla) ananunua nani. Hili la Luku nalisema kwa uchungu. Kuna gesti moja Buguruni, saa 8 usiku feni ikasimama, taa ikazima, nikadhani umeme umekatika mtaa mzima. Kuchungulia dirishani, nje majirani taa zinawaka. Nashuka na kanga, kaunta hamna mtu, mlinzi anasema Luku imeisha na bosi simu yake haipatikani. Tuko wageni kama tisa tumesimama kwenye korido tunajipepea na makaratasi. Basi nikamulika mita ukutani na simu, nikasoma namba, nikanunua umeme wa elfu tano kwa simu yangu, zikaja tarakimu ishirini nikaziingiza mwenyewe huku mzee mmoja wa Tabora ananisomea moja moja. Feni zikaanza, watu wakapiga makofi. Asubuhi nikamwambia mwenye gesti nakata elfu tano yangu kwenye siku ya pili, akanuna! Akasema eti hakuniagiza. Tukazozana pale mpaka yule mzee wa Tabora akaingilia kati. Tangu siku ile nikifika mahali napiga picha namba ya mita kama iko wazi, haigharimu kitu.

Maji. Fungua bomba la sinki na la shawa, yote mawili, uyaache yatiririke kidogo. Kuna bomba linatoa maji kwa kishindo sekunde kumi, yaliyobaki kwenye paipu, afu kimya. Flashi choo, subiri uone kama tangi linajaa tena. Afu chovya kidole uonje. Sio utani, gesti nyingi za Dar zinatumia maji ya kisima na visima vingi vya huku maji yake yana chumvi, sabuni haitoi povu na ukioga unatoka ngozi imekakamaa kama umetoka baharini. Kwa siku moja sio mbaya. Kwa wiki nzima, au kama una nywele zako za asili, tafuta wanaotumia ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, au nunua dumu la maji yasiyo na chumvi la kuoshea kichwa. Maji ya kunywa nunua ya chupa kwa vyovyote.

Kitanda. Hapa usione aibu kama dada wa kaunta amesimama mlangoni anakuangalia. Inua shuka kona ya kichwani, angalia mshono wa godoro umulike na tochi ya simu. Kunguni mchana humuoni, unaona dalili zake: vitone vyeusi vidogo kama umechovya kalamu, maganda ya rangi ya kahawia hafifu, wakati mwingine alama za damu kwenye shuka. Angalia na kwenye maungio ya chaga na nyuma ya ubao wa kichwani, ndo kwao. Foronya nayo igeuze. Ukiona hata kimoja usikubali wakuhamishie chumba cha jirani, kunguni hawaheshimu ukuta, hama gesti. Hawaleti ugonjwa wanavyosema wataalamu, ila niliwahi kuwasafirisha mpaka Makambako bure bila nauli ndani ya kiroba cha mabegi, na mume wangu mpaka leo ananikumbusha. Ukihisi umewabeba, ukifika nyumbani nguo zote zisiingie ndani, ziende moja kwa moja kwenye maji ya moto, na begi lianikwe kwenye jua kali.

Neti iangalie matundu. Dirisha liwe na wavu. Na usijidanganye kuwa mbu ni wa usiku tu, mbu wa dengue anauma mchana, na Dar 2019 dengue ilisumbua watu wengi. Mi natembea na mafuta yangu ya kupaka.

Mlango: funga kwa ufunguo ukiwa ndani, fungua, funga tena. Angalia kama kuna komeo la ndani, hilo ndo muhimu kuliko kitasa, maana kitasa funguo zake hujui ziko ngapi mjini. Kama wewe ni mwanamke peke yako na hamna komeo, usichukue. Kwenye maghorofa angalia na ngazi ziko ngapi na ya pili inatokea wapi, madirisha mengi yana nondo, moto ukitokea njia ni ngazi tu.

Mwisho kabisa zima feni, simama kimya usikilize. Unasikia jenereta? Baa? Adhana ya alfajiri utaisikia popote Dar, hiyo usiihesabu kama kero, itakuamsha uwahi sokoni.

Hatua ya 5: Sasa lipa

Bei ya chumba chenye feni niliyozoea mimi ni kati ya elfu ishirini na elfu thelathini, AC inaenda mpaka arobaini hamsini. Ukikaa siku tatu au zaidi omba wapunguze, kwa lugha nzuri, "mdogo wangu mi mteja wa kila mwezi, nifanyie ishirini na mbili". Elfu tatu kwa siku tatu ni hela ya chakula cha mama ntilie. Dai risiti, hata ya kuandikwa kwa mkono kama mashine "haina karatasi", iwe na tarehe ya kutoka.

Utaletewa kitabu cha wageni. Jina, kabila, kazi, utokako, uendako, namba ya kitambulisho, sahihi. Wageni wengine wanashangaa hiyo ya kabila, gesti nyingi iko hivyo na imekuwa hivyo toka zamani, andika uende ukalale. Ila kitambulisho cha NIDA usikiache kaunta. Wanukuu namba wakurudishie. Nilishamkuta mtu yuko Mbezi anataka kupanda basi kakumbuka kitambulisho kiko Temeke.

Soma na lile tangazo la ukutani. Karibu kila gesti imeandikwa uongozi hautahusika na upotevu wa mali ambayo haikukabidhiwa mapokezi. Maana yake ukiacha laki tano chini ya godoro zikayeyuka, umeyeyuka nazo. Mi hela ya mzigo naiweka kwenye simu au benki, natoa kwa wakala asubuhi kwa kiasi cha siku hiyo. Ukilazimika kukabidhi kaunta hesabuni wote wawili, iandikwe, isainiwe.

Kuna sheria nyingine zinakera watu wakiwa washafika. Gesti nyingi hawakubali wanaume wawili kulala chumba kimoja, hata kama ni mtu na kaka yake wamekuja kumzika mjomba, kwahiyo wale mnaopanga kuchangia ulizeni kwenye simu. Na uliza kama wanatoza mgeni wako akija kukutembelea.

Afu uliza kama wanapokea wateja wa mda mfupi. Uliza bila kupepesa macho, "hapa mna mda mfupi?" Sihukumu mtu, kila mtu na maisha yake, ila kwenye gesti hiyo milango inagongwa mpaka saa 7, shuka zinabadilishwa mbio mbio, na wewe uliyetoka safari ya masaa kumi na mbili unataka kulala. Wakisema ndio, omba chumba cha mwisho kabisa korido au ghorofa ya juu.

Hatua ya 6: Kuishi humo ndani

Vitu ninavyobeba: kanga mbili (moja ya kulalia juu ya shuka lao), ndala zangu, kufuli dogo la begi, ekstensheni, tishu. Ndala za gesti utazikuta, mara nyingi moja ya bluu moja ya kijani, na kisigino kimekatwa kipande au namba ya chumba imechomwa na msumari wa moto ili mtu asiondoke nazo. Ukiwa na zako unapita salama.

Chai ya asubuhi, wakikwambia "chai ipo", tegemea slesi mbili, yai la kuchemsha na chai ya rangi. Mi naiomba saa 1 kabisa maana sokoni siwezi kusubiri, wakichelewa naenda zangu kwa mama wa vitumbua na supu hapo nje, nakula vizuri zaidi.

Ila kikubwa ni dada wa usafi. Watu wanamsahau, wanamsalimia meneja. Huyu dada ndo ana funguo, ndo anajua chumba gani shawa yake ina presha, ndo anachemsha maji ukiwa na homa, ndo atakwambia "dada leo usitoke na mkoba ule". Msalimie kwa heshima, muulize jina, na kama una elfu mbili ya kumpa mpe siku ya kwanza. Ukimpa siku ya kuondoka ni asante tu. Ukimpa siku ya kwanza anakuletea taulo ambalo halijatoboka.

Hatua ya 7: Kitu kikiharibika

Lalamika usiku uleule, usingoje asubuhi. Asubuhi ushalala, shuka lishakunjika, wanakwambia "mbona hukusema". Shuka kaunta na ombi kamili mkononi, sio hasira: "Kaka, feni ya namba 7 imesimama. Nihamishie chumba kingine sasa hivi, au nirudishie elfu kumi nikatafute kwingine." Ukisema tu "feni mbovu" watakwambia fundi anakuja, na fundi wa gesti saa 5 usiku hajawahi kuja katika historia ya mji huu. Piga picha, piga na video ya bomba lisilotoa maji. Sikwambii ugombane, mi mwenyewe napenda kuongea taratibu, ila mwenye gesti akiona una ushahidi na hupigi kelele anajua huondoki pale kirahisi.

Ila na sisi wageni tuwe na kiasi. Kuna mtu kalipa elfu kumi na tano anauliza mbona hamna friji, waifai haishiki, sabuni ndogo. Elfu kumi na tano inakununulia kitanda kisafi, maji, komeo na usingizi, hayo mengine akipewa ashukuru.

Hatua ya 8: Siku ya kutoka

Saa 4 kasoro robo ushuke na ufunguo, maana wengine saa 4 na dakika kumi wanadai nusu siku. Kabla hujatoka vuta kitanda, chaja zinaangukia nyuma huko, angalia ndoano ya nyuma ya mlango (nguo yangu ya kulalia nzuri kuliko zote iko kwenye ndoano ya gesti Magomeni), hesabu mbele ya dada taulo lao na ufunguo, aone mwenyewe.

Kama basi lako ni jioni, begi na mzigo waachie kaunta, wengi wanakubali bila hela. Ila kila kiroba kiandike jina na namba ya simu kwa makapeni, viroba vyote vya Kariakoo vinafanana, vile vyeupe vyenye mistari ya bluu na nyekundu, na mwambie aliyepo zamu na yule anayemfuata zamu, wote wawili. Basi la saa 12 jioni Mbezi, mi Kariakoo natoka saa 9, foleni ya Kimara haijali tiketi yako.